"Mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo": kisa cha Korintho na swali la nani wa kumfuata

Binti mmoja wa kwaya yetu alinifuata baada ya ibada. Shikamoo yake ilitoka nusu nusu, nikajua ana jambo. "Baba," akasema, "fungu la kumi nipeleke wapi?"

Nilimpa jibu la haraka la mzee wa kanisa: pale unapolishwa ndipo unapopeleka. Akatikisa kichwa, maana shida yake ilikuwa hapo hapo. Jumapili analishwa na mchungaji wetu. Jumatano usiku anamsikiliza nabii mmoja kwenye simu, naye nabii huyo amewaambia wafuasi wake kwamba Mkristo asiye na baba wa kiroho anatembea uchi mbele ya adui. Chuoni nako yuko mwalimu aliyemwongoza sala ya toba, na huyo anasema hao wawili wengine wamepotea. "Wote wanasoma Biblia ile ile, Baba. Sasa mimi niko chini ya nani?"

Swali la namna hiyo halijibiwi mkiwa mmesimama mlangoni mwa kanisa. Nikamwomba tukutane Jumamosi tuzisome barua za Paulo kwa Wakorintho tangu mwanzo hadi mwisho, na si kwa kuokota mistari. Tulikutana Jumamosi nne. Nayaandika hapa tuliyoyaona, pamoja na yale niliyoyatafuta baadaye, kwa sababu swali la binti yule nimelisikia tena kwa watu wazima wenye wajukuu.

Korintho ya Paulo haikuwa mji wa kale wenye koo zilizokaa mahali pamoja miaka mia tano. Warumi waliubomoa mji wa Kigiriki mwaka 146 KK, na karibu karne nzima ikapita kabla Julius Caesar hajaagiza ujengwe upya mwaka 44 KK. Wengi wa walioletwa kuukaa walikuwa watumwa walioachwa huru. Mji ulikaa kwenye shingo nyembamba ya nchi, bandari ya Lekeo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, na fedha ilipita pale kila siku. Mtu aliweza kufika bila jina na akaondoka na jina. Njia ya kupata jina ilikuwa kujishikiza kwa mkubwa: tajiri anakufadhili, wewe unamsifu, unakuwa mtu wake. Mwaka 1929 wachimbaji walikuta karibu na ukumbi wa michezo maandishi ya mtu aitwaye Erasto, aliyetangaza kwamba sakafu ile aliiweka kwa gharama yake mwenyewe. Wapo wanaodhani ni yule Erasto anayetajwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, wapo wanaokataa. Kwangu mimi lililo muhimu ni ile tabia ya mji: hata sakafu ya kukanyaga ilibeba jina la mtu.

Wasemaji nao walikuwa na wafuasi wao. Dio Krisostomo, mwandishi wa Kigiriki wa mwisho wa karne ya kwanza, anasimulia michezo ya Isthmia iliyofanyika jirani na Korintho. Kisa chake amekiweka katika siku za Diogene, mwanafalsafa wa zamani zaidi, lakini anaandika kama mtu anayeijua hali hiyo: walimu wa hekima wamejaa kando ya hekalu la Poseidoni wakipiga kelele na kutukanana, na wanafunzi wao wanapigana. Walimu wanatukanana, wanafunzi wanapigana. Watu waliozoea hivyo ndio walioingia kanisani.

Paulo alifika huko yapata mwaka 50. Tarehe hiyo tunaikaribia kwa sababu Gallio, liwali wa Akaya, yaani jimbo la Kirumi lenye Korintho, ambaye Paulo alishitakiwa mbele yake, ametajwa katika maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delfi, yanayomweka kwenye mwaka 51 au 52. Paulo alikaa kwa Akila na Prisila, mume na mke waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, akashona mahema pamoja nao. Alikaa mwaka mmoja na miezi sita, kisha akavuka kwenda Efeso.

Baada yake akaja Apolo, mtu wa Iskanderia ya Misri, fasaha, aliyeyajua Maandiko barabara. Kitabu cha Matendo kinasema kwamba alipofika Efeso alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Niliposoma hapo, binti akasimamisha kidole kwenye mstari. "Msomi wa Iskanderia akafundishwa na washona mahema?" Ndiyo, na mmoja wao ni mwanamke, na jina lake ndilo limetangulizwa. Apolo akakubali kusahihishwa. Hakuenda Akaya mpaka ndugu wa Efeso walipomwandikia barua ya kumtambulisha, ili wanaompokea wajue anatoka kwa nani na ameishi vipi. Nikamwuliza binti: yule nabii wa Jumatano, nani amewahi kumchukua kwake akamsahihisha? Hakujua. Mimi pia sikujua, na hilo lenyewe tuliliandika kwenye daftari.

Sasa kisa chenyewe. Yapata mwaka 54 au 55, Paulo akiwa Efeso, watu wa nyumbani mwa Kloe walimletea habari kwamba Korintho kuna fitina. Akawaandikia barua, hii tunayoiita ya kwanza, na ndani yake anazitaja kauli zao: "Mimi ni wa Paulo, na, Mimi ni wa Apolo, na, Mimi ni wa Kefa, na, Mimi ni wa Kristo." Kefa ndiye Petro. Kumbuka walikusanyika majumbani. Nyumba ya mtu wa kawaida haibebi watu wengi, kwa hiyo ilikuwa rahisi nyumba moja kuwa ya Paulo na nyingine ya Apolo, na kila nyumba ikawa na tajiri wake, na mezani kwake ndipo ilipoliwa Meza ya Bwana. Baadaye katika barua hiyo hiyo tunasikia kwamba mezani mmoja ana njaa na mwingine amelewa.

Kila kundi lilikuwa na hoja ya maana, na hilo husahaulika. Wa Paulo wangesema: huyu ndiye aliyetuzaa, alikuwepo tulipokuwa hatuna lolote. Wa Apolo: huyu anaeleweka, Maandiko yanafunguka akisema. Na kweli Paulo hakuwa msemaji wa kusisimua, wapinzani wake walisema barua zake ni nzito, "bali akiwapo mwilini ni dhaifu, na maneno yake si kitu." Wa Kefa: huyu alitembea na Bwana mwenyewe. Hao wa nne, "wa Kristo", wanazuoni wamebishana sana juu yao na sitadai kuumaliza ubishi huo. Ila nimewaona watu wa kauli hiyo. Ni wale wasemao "mimi namfuata Yesu tu, sina haja ya mchungaji", na mara nyingi ndio wagumu kuliko wote kuonywa, maana ukimwonya mmoja wao umempinga Kristo. Paulo hakuwaacha nje ya orodha ya waliogawanya kanisa.

Angalia anaanzia wapi. Kiongozi aliye na kundi lake mwenyewe katika mgogoro angeanza kwa kulisimamisha. Paulo anaanza kwa kulibomoa. "Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu? Au je! Mlibatizwa kwa jina la Paulo?" Angeweza kuuliza kama Apolo alisulibiwa, na watu wake wangepiga makofi. Ameweka jina lake. Kisha anamshukuru Mungu kwamba aliwabatiza wachache, Krispo na Gayo. Halafu anakumbuka nyumba ya Stefana pia, na zaidi ya hao, anasema, hajui kama alimbatiza mwingine. Hana daftari la watoto wake wa kiroho.

Mlango wa tatu ndio uliomfanya binti anyamaze kwa muda mrefu. "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Huo tunaujua wote, tumeuimba. Lakini mwishoni mwa mlango Paulo anaandika: "Kwa maana vyote ni vyenu, kwamba ni Paulo, au Apolo, au Kefa," anaendelea na dunia na uzima na mauti, kisha, "vyote ni vyenu, nanyi ni wa Kristo." Wao walikuwa wakisema "mimi ni wa Paulo". Yeye anaugeuza usemi: si ninyi wa Paulo, Paulo ni wenu. Mwalimu ni mali ya kanisa, kanisa si mali ya mwalimu. Katika mji ambao kila mtu alikuwa mtu wa fulani, maneno hayo yaliwagusa pale pale walipozoea kujivunia.

Nadhani hapa ndipo swali la "niko chini ya nani" linapoanza kulegea. Mchungaji wa usharika ni wako. Mwalimu wa chuoni ni wako. Hata wale waliokufa zamani, waliotuachia tafsiri ya Biblia tunayoisoma, ni wako. Unawapokea wote kama watumishi na kuwasikiliza, na hakuna mmoja wao mwenye hati ya kukumiliki.

Binti hakuniachia hapo, na alifanya vema. Akanifungulia barua ya kwanza, 4:15, mstari anaoutumia nabii wake: "Kwa kuwa ijapokuwa mna waalimu kumi elfu katika Kristo, walakini hamna baba wengi." Paulo mwenyewe anajiita baba na anasema wamfuate. Je, si ndiko kule kufunikwa na baba wa kiroho anakokuhubiri nabii?

Hili lilituchukua Jumamosi nzima. Paulo ni baba kwao kwa sababu aliwazaa kwa Injili, yaani kwa tukio wanalolijua wote: alikuja, akahubiri, wakaamini, akakaa nao mwaka na nusu, mikono yake ina sugu za sindano ya mahema. Haiwezekani ubaba huo kuupata kwa kulipia kiingilio au kwa kujiandikisha kwenye simu kwa mtu asiyekujua jina. Na ubaba huo haumfungi mtoto asisikilize wengine. Ametoka kuwaambia kwamba Apolo na Kefa ni wao pia. Wala hawaambii wamfuate kwa kila jambo. Katika mlango wa kumi na moja anaweka mpaka: "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Palipo na "kama", msikilizaji ana haki ya kupima.

Halafu kuna mstari ambao sijausikia hata mara moja katika mahubiri ya baba wa kiroho. Uko katika barua ya pili, 12:14, ambapo Paulo anaeleza kwa nini hataki fedha yao: "Maana haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto." Baba ndiye anayetoa. Ukiona mtoto anapeleka mshahara wake wote na baba anabadilisha magari, huyo aliyeitwa baba kachukua jina tu.

Nisieleweke vibaya kuhusu fedha. Paulo huyo huyo anatetea kwa nguvu haki ya mhubiri kula kwa kazi yake. Mlango wa tisa wa barua ya kwanza karibu wote ni utetezi huo, na mchungaji anayelipwa vibaya hajawa mtakatifu zaidi kwa njaa. Yeye mwenyewe alipokea msaada kutoka Makedonia. Korintho aliukataa, na nionavyo mimi sababu moja ni ule mfumo wa wafadhili: ukila mkate wa tajiri wa Korintho, kesho unahubiri anachotaka. Na fedha ya wengine alipoigusa, ile changizo ya watakatifu wa Yerusalemu, alitaka Wakorintho wenyewe wawachague watu wa kuipeleka. Hakuibeba peke yake. Binti aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Unabii nao una utaratibu wake katika barua ya kwanza. Manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Paulo hakatai unabii, anawaambia Wakorintho wautamani. Anachokataa ni nabii asiye na watu wa kumpima waliokaa naye chumba kimoja. Simu humpa nabii masikio elfu kumi, na katika hayo hakuna hata mtu mmoja anayeweza kusimama aseme, "Ndugu, hilo si sawa."

Mwishoni kabisa mwa barua, kwenye salamu ambazo wasomaji wengi huziruka, ndipo nilipokuta vitu viwili vilivyonibadilisha mimi mwenyewe.

La kwanza ni 16:12. Paulo anasema alimsihi sana Apolo aende Korintho, na Apolo hakutaka kwenda wakati ule. Fikiri. Kule Korintho wafuasi wao wamegawanyika, na hapa Efeso hao wawili wanazungumza kama ndugu. Paulo anamsukuma mpinzani wake, kama wafuasi wanavyomwona, arudi kwenye kanisa alilolianzisha Paulo mwenyewe. Apolo hakubali, labda aliona kwamba kufika kwake kungewasha moto, ingawa barua haisemi. Ugomvi ulikuwa wa mashabiki. Wahubiri wawili wanaoweza kukaribishana hivyo, kila mmoja bila kuogopa kupoteza watu wake, wanaweza kuaminiwa. Anayekukataza kumsikia mwingine yeyote amekwisha kuonyesha anachokiogopa.

La pili ni Stefana. Tangu mlango wa kwanza tunangoja Paulo aseme basi wamtii nani, na anasema hapa. Nyumba ya Stefana ni malimbuko ya Akaya, yaani watu wa kwanza kuamini, na wamejitia katika kazi ya kuwahudumia watakatifu. Watiini watu kama hawa, na kila anayefanya kazi pamoja nao na kujitaabisha. Si mtume, si msemaji wa Iskanderia, wala si mtu aliyetembea na Yesu Galilaya. Ni mwenyeji. Wanajua nyumba yake iko mtaa gani, wanajua anavyoishi na mkewe, wanajua nani aliwaletea uji walipougua. Hakuna hata neno moja lake lililohifadhiwa katika Biblia. Kilichohifadhiwa ni kwamba alijitaabisha.

Nilimwuliza binti: hapa kwetu Stefana ni nani? Hakufikiri sana. Alimtaja mama mmoja wa jumuiya yao, muuza maharage, ambaye mwaka ule binti alipofiwa na baba yake alilala msibani siku tatu na hakuondoka hata wengine walipotawanyika. "Lakini yeye si mwalimu, Baba." Nikamwambia aende akamweleze jambo lake lote, la fungu la kumi na la nabii, kisha asikilize. Alikwenda. Walichozungumza ni chao.

Ningependa kuandika kwamba Korintho walisikia. Barua ya pili inaonyesha walipata walimu wengine, wale ambao Paulo anawaita mitume walio wakuu, na anawaandikia kwa uchungu: "Maana mwachukuliana na mtu akiwatia utumwani, akiwameza, akiwateka nyara, akijikuza, akiwapiga usoni." Kuchukuliana hapa ni kuvumilia. Wanavumilia kumezwa kwa sababu anayewameza ana sauti kubwa. Mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipofukua makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili ikapita 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu, nilishindwa kuusoma mstari huo kwa sauti ibadani. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wengi. Kabla ya kufunga, wafuasi walikuwa wamefundishwa kuacha shule na hospitali, yaani kuwaacha wote ambao wangeweza kuwaambia jambo tofauti. Paulo aliwaandikia watu hao hao wa Korintho, "Si kwamba tunatawala imani yenu, bali tu wasaidizi wa furaha yenu." Msaidizi wa furaha hakufungii mlango.

Yapata mwaka 96, miaka arobaini hivi baadaye, kanisa la Rumi liliandika barua ndefu kwa Korintho, barua inayoitwa ya Klementi, aliyekuwa kiongozi wa kanisa hilo la Rumi. Kumbe Wakorintho wameondoa wazee wao waliokuwa wakitumika bila lawama, na kanisa limegawanyika tena. Klementi anawaambia waishike barua ya Paulo wasome alivyowaandikia juu ya Kefa na Apolo, na anaongeza kwamba safari ile angalau walijishikiza kwa mitume wenye sifa, safari hii ni kwa mtu mmoja au wawili. Anawakumbusha pia kwamba mitume waliwaweka malimbuko wao, wakiisha kuwapima, kuwa waangalizi na mashemasi. Stefana yumo katika maneno hayo bila kutajwa. Barua hiyo ilipelekwa na watu watatu, na Warumi wanawatambulisha kwa kusema kwamba wameishi kati yao bila lawama tangu ujana hadi uzee.

Yapata mwaka 170, Dionisio, askofu wa Korintho, aliwaandikia Warumi. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, ametuhifadhia sehemu ya maneno yake. Anawaambia kwamba barua ile ya Klementi, iliyowakemea babu zao, wao bado wanaisoma kanisani siku ya Bwana.